Milango ya Chokaa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Basi akalipeleka. Mama yake alimshika nguo, akamwambia mwanangu usiende, lakini wapi. Alilichukua lile daftari la kijivu, akapanga foleni na wenzake, kengele ikalia, akalipitisha dirishani. Hapo nikamwambia mjukuu wangu funga hicho kitabu, sitaki kusikia tena. Akafunga. Nilipomaliza chai yangu nikamwambia haya, fungua, tuone wamemfanya nini yule mzee aliyeandikwa daftarini.

Daktari, najua hili daftari ulisema liwe la kifua. Niseme kila siku nimeamkaje, nimekohoa kiasi gani, pumzi iko juu au chini, mpaka mvua ziishe, ndipo nikuletee uone. Sasa mimi kuandika sijui. Nasema, mjukuu anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinifupishe, maana ana tabia hiyo, unamwambia maneno kumi yeye anaweka mawili. Ukiwa na haraka, ruka. Kifua kilikaza alfajiri, kikaachia saa nne. Mvua imeanza jana. Ndoo iko chini ya tundu la bati, palepale pa mwaka jana.

Jumanne, tarehe 4

Kifua kizuri. Mvua. Hakunisomea, ana hesabu.

Alhamisi, tarehe 6

Nimekohoa, lakini kikavu. Asubuhi nimeshona vifungo vya shati la mwanangu. Mkono bado unajua kazi yake, jicho ndilo linaloleta ubishi. Aliyenitungia uzi ni Kijiti. Huyo ni rafiki wa mjukuu wangu, wanakaa dawati moja tangu wakiwa wadogo, na jina hilo nimempa mimi, maana akisimama karibu na ufagio hujui ushike kipi. Mama yake ndiye mfagiaji wa shule yao. Mtoto ana heshima. Haketi mpaka umwambie mara mbili, na akila mkate anafuta makombo mezani kwa kiganja.

Sasa nikueleze kitabu, usije ukadhani akili imeniruka. Ni cha hadithi, cha vijana, mjukuu kakiazima maktaba ya shule. Mji wenyewe haupo na miaka yake haijafika. Huko mtoto akitimiza kumi na minne anapewa daftari la kijivu na anaitwa Msikilizi. Kazi yake ni kuandika yanayosemwa nyumbani. Baba kalalamikia nini, bibi kacheka nini, jirani kasema nini akiwa na hasira. Kila Ijumaa yanapelekwa. Mtu akiandikwa mara tatu, wanakuja watu na ndoo na brashi, wanaupaka mlango wake chokaa, mweupe pe, na kuanzia siku hiyo hasalimiwi. Hapigwi, hafungwi. Hasalimiwi tu. Nikauliza huyo aliyetunga alilalia upande gani akaota haya. Mjukuu akasema Bibi, hivi vitabu vyetu vyote viko hivyo, ndiyo raha yake. Raha gani hiyo ya kunitoa jasho wakati wa baridi.

Na huyo msichana wa kitabuni keshamwandika mzee wa jirani, ya tatu hiyo, kwa mzaha alioutoa dirishani. Mzaha wenyewe wala hauchekeshi.

Jumanne, tarehe 11

Pumzi fupi kidogo. Mlango wa yule mzee umepakwa. Anatoka asubuhi, anasema hamjambo, watu wanatazama viatu vyao.

Nikamuuliza mjukuu, mke mwenzangu huyu anayeandika, na hili letu likishajaa unalipeleka wapi? Akasema kwa daktari. Na daktari anampelekea nani? Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Nami nikacheka, lakini nusu.

Ijumaa, tarehe 14

Mjukuu karudi kalowa chapachapa, uji hakuugusa. Mtihani wa majaribio umeibwa. Bahasha ya sayansi imekutwa imefunguliwa kabatini ofisini, na karatasi moja haimo. Mwalimu Mkuu kawasimamisha uwanjani darasa zima, manyunyu yanawapiga, kasema anayejua na asiseme ni mwizi vilevile.

Mwanangu, yaani mama yake huyu, anauza duka la dawa, kazi ya kusimama kutwa. Aliingia jioni miguu imevimba, akasikiliza, akauliza swali moja. Wewe umo? Simo. Basi kaoge.

Ameishia hapo, lakini mimi nilimtazama mtoto, na mtoto hakunitazama.

Kifua nimekisahau. Nadhani kizuri.

Jumatatu, tarehe 17

Wameweka sanduku mlangoni kwa ofisi. Kila mwanafunzi wa darasa lile anaandika jina la anayemshuku, anakunja, anatumbukiza.

Leo ananisomea, kafika pale Wasikilizi wanapanga foleni, akanyamaza. Nikadhani kakwama kwenye neno gumu, nikasema liruke. Kumbe analia.

Akaniambia yote. Nimemuuliza kama tuyaandike humu, kasema tuandike, daktari hawajui hawa watu. Alhamisi ile walikuwa wanamsubiri mama yake Kijiti amalize kufagia. Mama katoka kuchota maji, aproni kaitundika msumarini, funguo ndani ya mfuko. Kijiti kazichomoa. Mjukuu wangu alikuwa mwisho wa korido, kasimama kama nguzo, kamwona akiingia ofisini na kamwona akitoka, karatasi iko ndani ya sweta. Funguo zikarudi mfukoni kabla ndoo haijajaa. Njiani Kijiti akamwambia tuangalie wote. Huyu akakataa, akakimbia nyumbani peke yake.

Nikamuuliza, na kwenye sanduku umetia nini? Akasema karatasi tupu.

Nilimkasirikia Kijiti, sifichi. Vidole vilevile vinavyonitungia uzi. Nikasema asikanyage hapa tena. Baadaye nikakumbuka anavyofuta makombo, hasira ikanipungukia, nikakasirika tena kwa kupungukiwa.

Alhamisi, tarehe 20

Kuna aliyeandika kwenye sanduku kwamba anayekaa na Kijiti anajua. Mjukuu wangu kaitwa ofisini. Mwalimu Mkuu hakumfokea, kampa kiti. Kamwambia ataandikiwa maelezo, kazi yake ni kusaini tu. Asiposaini, jina lake linatolewa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Miaka yote ya kwenda na kurudi na lile begi lililochanika, iishe hivyo.

Na Kijiti akisainiwa, anafukuzwa, na mama yake ufagio anauacha hapohapo. Hilo kila mtu analijua.

Mtoto akaniuliza Bibi, wewe ungefanyaje? Nikamsimulia ya Chiriku. Nilikuwa sijamsimulia mtu.

Mimi nimefanya kazi miaka kumi na sita kiwanda cha kushona sare. Kazi yangu matundu na vifungo. Unapokea shati halina hata tundu, unalipasua sita, unazungushia uzi, unakaza vifungo, unasukuma kwa jirani. Jirani yangu mezani alikuwa mwanamke tuliyemwita Chiriku kwa kuongea. Alikuwa akisema na wewe, akisema na mashine, akisema na shati. Nikichelewa ananimalizia mafungu yangu na huku anasema. Siku moja kikapotea kitambaa, jora zima. Tukaitwa mmoja mmoja. Mimi jana yake niliwahi kutoka, mwanangu alikuwa mchanga na ana homa, Chiriku akabaki nyuma kunimalizia mashati. Wakaniuliza nani alitoka wa mwisho. Nikasema Chiriku. Karani akaandika, akanishika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kesho yake ikasomwa mbele ya watu wote: nilimwona akitoka na furushi. Furushi sikuliona mimi. Chiriku akafukuzwa.

Sikujua kilichoandikwa. Ndivyo nilivyomwambia mjukuu. Akanishika mkono akasema pole Bibi, walikuonea. Nikaipokea pole yake.

Ijumaa, tarehe 21

Sikulala vizuri. Pumzi fupi. Mvua kutwa. Ndoo mbili.

Jumatatu, tarehe 24

Kijiti kaja. Mjukuu alikuwa hajarudi, na nadhani alijua hajarudi. Kasimama nje chini ya mchirizi wa bati, maji yanamwagika begani, hasogei. Nikamwambia ingia, wewe si nguo ya kuanika. Kaingia, hakuketi hata nilipomwambia mara ya tatu.

Nikamuuliza, ulichukua?

Akasema, nilichukua, Bibi.

Hakutafuta maneno. Alikuwa anaogopa sayansi. Anasema akikaa mbele ya karatasi ya sayansi kichwa kinakuwa cheupe, na kwao ndiye wa kwanza kufika darasa hilo. Ile karatasi hata hakuisoma, aliichoma jikoni usiku uleule. Nikamwambia basi kaseme mwenyewe, kabla hujasemewa. Akasema nikisema, mama anafukuzwa, na mama hajui chochote, nitamtazamaje. Nikamsogezea mto wa sindano.

Akanitungia uzi kwenye sindano tatu, akazichomeka kwenye mto, akaenda.

Jumanne, tarehe 25

Karatasi imeletwa nyumbani tuisome, itasainiwa ofisini Alhamisi ya wiki ijayo, na mlezi naye aweke sahihi chini. Mjukuu kanisomea, kisha mama yake kaichukua akaisoma kimya kimya. Inasema mjukuu wangu alimwona Kijiti akiingia ofisini. Hilo kweli. Inasema alimwona akitoka na karatasi. Kweli. Halafu inasema alimwona mama yake Kijiti akimkabidhi funguo. Hilo ni uongo, halikutokea, funguo zilikuwa msumarini na mama yuko bombani.

Mjukuu alipouliza shuleni, aliambiwa hayo ni maneno ya kukamilisha tu.

Mwanangu akasema saini. Mtoto akasema mama, hiyo ya tatu si kweli. Mwanangu akasema mbili ni kweli, aliyeiba ni yeye, wewe hukumtuma. Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu aliyesimama kutwa. Akasema mimi nauza dawa ambazo siruhusiwi kuzifungua, kwa sababu sikufanya mtihani ule. Utasaini.

Nilimwona mwanangu katili. Nalisema hapa kwa sababu kesho kutwa huenda nikamwona vingine.

Kifua kinapiga filimbi.

Alhamisi, tarehe 27

Kitabu kimeisha na hakikuisha. Sikiliza mambo hayo. Msichana kafika dirishani na daftari lake, safari hii hakuandika kitu, kurasa zote tupu. Mpokeaji kanyoosha mkono. Na hapo kurasa zimekwisha, limebaki jalada. Nikamwambia mjukuu geuza, kuna zilizogandana. Akasema hakuna, Bibi, kuna kitabu cha pili, na cha tatu, ila maktaba ina hiki tu. Nikasema huyo mtunzi ningempata ningemwachia vifungo bila matundu. Mtu mzima mwenye akili anatuacha dirishani kwenye mvua.

Halafu nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia shika kalamu. Ile pole uliyonipa Alhamisi iliyopita, irudishe kwako, nilikudanganya.

Karani alinisomea.

Alikuwa kijana wa adabu, alisoma polepole, tena mara mbili, kwa kuwa alijua sijui kusoma. Nilisikia furushi. Nikamwambia furushi sikuliona. Akatazama mlango aliko msimamizi, akasema weka kidole mama, ni maneno ya kukamilisha, na mtoto wako si anaumwa? Nikaelewa. Nikiwa nimeelewa hivyo hivyo, nikampa kidole. Hakunishika. Nilimpa.

Siku ya mwisho Chiriku alikuja mezani kukusanya mkasi wake na kimto chake cha sindano. Watu wote wameinamia mashati. Hamjambo, akasema. Kimya. Akanijia mimi, akaniambia, wewe sina neno nawe, shoga yangu, wewe kusoma hujui, walikutumia. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyeonewa. Nikamwacha aende na imani hiyo. Miaka arobaini nimejifunika kutokusoma kama blanketi, na kila aliyepita kanivutia blanketi lifike mabegani. Hata wewe.

Huyu msichana wa kitabu nimemtukana tangu mwanzo wa mvua. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa mtu mzima na mtoto mgongoni.

Hapa mjukuu kaacha kuandika. Nimemwambia andika. Kauliza, na daktari akisoma? Nimesema asome. Kaandika. Macho hanipi.

Jumamosi, tarehe 29

Leo anayeandika ni mwanangu. Mjukuu kasema ana kazi, na kazi sikuiona. Kwa hiyo nitasema kifua tu. Usiku nimekohoa mara nne. Makohozi meupe. Nimekunywa dawa. Mvua imepungua mchana.

Mwanangu kageuza kurasa za nyuma. Nimemwambia usisome ya watu, akasema si ya watu, ni yangu, mimi ndiye mtoto mwenye homa. Kasoma akimaliza anarudia.

Kisha akaniambia, na nimemwambia aliandike mwenyewe kwa mkono wake: Mama, usingeweka kile kidole, mimi ningekula nini? Ulifanya kwa ajili yangu. Na mimi namfanyia wangu.

Simwoni katili tena. Namwona mwanangu.

Jumapili, tarehe 30

Mvua. Mwanangu kapika, kila mtu kala na sahani yake.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Mjukuu karudi kwenye daftari. Kaketi, kachonga penseli ambayo haandikii, kachonga tena. Kaniuliza swali, na swali lenyewe si la kunihukumu. Bibi, ungekataa siku ile, wangekufanya nini?

Nikasema wangenifukuza, labda. Labda wasingenifukuza. Sikungoja kujua.

Akasema, mimi kesho siisaini. Nikamwambia mtihani je? Akasema najua. Nikamwambia si kitabu hiki, hakuna wa kutunga sehemu ya pili ukafaulu, unaweza kukosa kweli, ukauza dawa kama mama yako na ukamkumbuka Kijiti kwa ubaya. Akasema najua, Bibi, usinifundishe kuogopa, naogopa tayari.

Mwanangu kasema yeye kesho haendi shuleni kushuhudia ujinga. Mlezi ni mlezi, nitakwenda mimi. Kifua kimekaza, lakini safari hii kina sababu ya kukaza.

Alhamisi, tarehe 3

Andika, tuko hapa shuleni, kwenye benchi nje ya ofisi. Mjukuu anaandikia magotini. Nimemwambia andika ili mikono yake iwe na kazi. Kwenye benchi hili wangekaa watu sita, tumekaa wawili na mwavuli.

Mama yake Kijiti kapita sasa hivi na tambara na ndoo. Kaniamkia, kaniuliza kifua, kasema mvua hizi zinaua wazee, mama, ujifunge shingo. Kafuta nyayo zetu za tope kuanzia mlango mpaka hapa miguuni petu, hakununa. Akamwambia mjukuu wangu, mwenzako siku hizi hali, hebu zungumza naye, wewe anakusikiliza. Hajui kitu yule mwanamke. Jina lake liko ndani ya mlango huu, kwenye mstari wa tatu, na yeye anatuomba radhi kwa sakafu kuwa na maji.



Mjukuu kaniuliza Bibi, utasema nini humo ndani. Nimemwambia hivi, na uliandike, kwa kuwa nikiingia naweza kuchanganya. Nitamwambia Mwalimu Mkuu anisomee. Yote, mpaka nukta. Akifika mstari wa tatu nitasema huo ni uongo na wewe unajua ni uongo, mwanangu. Sitamwambia sijui kusoma. Akinipa wino nitamrudishia. Na akilifuta jina lako kwenye orodha, nitakuwa nimeketi palepale nikimtazama anavyolifuta, asipate nafasi ya kufanya hilo peke yake.

Na mama yako jioni nitamweleza mimi. Wewe utaanza kula.

Umeandika? Soma nisikie. Hapo umenifupisha.

Karani kafungua mlango. Msichana tu, hana umri. Anasema Bibi, karibu, haichukui muda, ni kuweka kidole tu.

Nakuja, mama. Nishike hapa kwenye kiwiko, mjukuu wangu, goti limelala. Wewe tangulia kuvuta pumzi, mimi yangu itafuata. Funga daftari, twende.